Baraza Juu ya Jiwe Kavu

Katika nchi ya Majisifuni, iliyolala chini ya maji ya miamba, pweza hakuheshimiwa kwa nasaba wala kwa hekima, bali kwa ukavu. Maji yakipwa, mabwana walipanda mwambani wakakaa juani, na aliyekawia kurudi ndiye aliyetengewa kiti cha mbele arusini. Majirani walijua, na walinong'onezana hayo kila nyumba, kwamba waheshimiwa hao walikalia vidimbwi kwa siri. Lakini nani angemwambia bwana mkubwa ainuke, aonekane alivyoloa?

Basi Liwali Ghururi, hodari wa vidimbwi kuliko wote, akaziamini sifa zake mwenyewe. Akaamuru Majisifuni nzima ihamie nchi kavu, aliyoipa jina la Izzani.

Bi Hadhari akakataa. Alikuwa ametundika mayai darini mwa pango lake, vichala kwa vichala, na kazi yake ilikuwa kuyapulizia maji bila kukoma, maana yai la pweza lisipopuliziwa hufa. Askari wakamkamata kwa kosa la kuidharau Izzani, wakauziba mlango wa pango kwa jiwe, na maji ya ndani yakatuama.

Ghururi, kwa tamaa ya kutazamwa, akaitisha baraza juu ya Jiwe la Hukumu, pasipo hata tone la maji. Na ada ya baraza ilikuwa moja: hakuna aondokaye kabla mshitakiwa hajamaliza kusema.

"Bibi, una neno?"

"Ninalo, Liwali, tena refu. Nianze na ndoa ya bibi yangu."

Akaanza. Akataja posa, mahari, na aliyeiba kaa jikoni. Kila neno lilimchoma, kwani alijua anaongea kwa pumzi za wanawe. Lakini akinyamaza kabla jua halijawashinda mabwana, hukumu ingepita na jiwe lisingeondolewa kamwe. Matamvua yake ya kupumulia yakaanza kugandana.

"Fupisha, mama," akasema kadhi, rangi ikimtoka.

"Nilikuwa sijafika kwa shangazi, bwana."

"Shangazi anahusikaje?"

"Alikuwa mmbeya. Nimemrithi."

Mzee mmoja akajikokota ukingoni. "Nakwenda kumjulia hali mgonjwa."

"Peke yako? Ngoja nikusindikize," akasema wa pili, na wa tatu akamfuata bila hata kumtafuta mgonjwa, kadhi nyuma yake.

Akabaki Ghururi, mweupe kama chokaa.

"Liwali," akasema Bi Hadhari kwa sauti iliyokauka, "sema tu kwamba hatuwezi, tushuke sote. Hakuna atakayekucheka."

Ghururi akautazama umati uliokuwa ukimtazama kutoka majini. Akafungua kinywa, minyiri yake yote minane ikamlegea, akabingirika hadi majini kama mzigo.

Baraza likavunjika pasipo hukumu. Majirani wakaliondoa jiwe, na Bi Hadhari akaingia akitambaa. Vichala vya mlangoni vilikuwa vimepauka, vimekufa. Akapuliza vya katikati; kimya. Akapuliza vya ndani kabisa, akapuliza tena, mpaka ndani ya yai moja vijicho viwili vyeusi vikageuka vikamtazama. Kisha vya yai la pili.

Nje mpiga mbiu akapita akitangaza kwamba Liwali amerejea salama kutoka Izzani, na kwamba safari ya wote ni bamvua lijalo, maji yatakapopwa kupita kiasi.

Bi Hadhari akausogelea ukuta, akapuliza kwa kasi zaidi.

"Fanyeni haraka, wanangu," akawaambia. "Fanyeni haraka mtoke."