Lori Lililopakiwa Kinyume

Dereva aliyeitwa Mshale alikuwa na binti wa miaka miwili, Kidoti, aliyemwita "mgeni". Kila alipobisha hodi baada ya siku tano au sita za barabara, mtoto alikimbilia jikoni akipaza sauti: "Mama, mgeni!" Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. Mshale naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno. Kifuani neno lile lilimchoma kama kaa la moto.

Alikuwa dereva wa akiba. Kampuni yao haikubeba mzigo wa tajiri mmoja wa kujaza lori zima. Ilikusanya vijizigo vya watu wengi, huyu kitanda, yule mapipa matatu ya rangi, ikavishindilia katika lori moja na kumpelekea kila mtu mlangoni kwake. Madereva wenye ruti zao waliijua leo yao na kesho yao. Dereva wa akiba alikuwa kiraka: akiugua fulani, anabandikwa, lori likizimika huko mbali, anabandikwa. Hulala pale giza linapomkutia.

Sasa ruti ya milimani ilikuwa imebaki wazi. Wateja kumi na wanne, asubuhi kwenda, jioni kurudi, na kila siku dereva analala kwake. Msimamizi wa bohari, mwanamke waliyemwita Bi Kalamu kwa ajili ya ile kalamu isiyobanduka sikioni mwake, aliwapa madereva wawili siku moja moja ya majaribio.

"Nataka saini kumi na nne," aliwaambia. "Kisirudi kitu, kisivunjike kitu, na lori liwe limeegeshwa hapa kabla ya saa kumi na moja jioni. Mengine ni porojo."

Dereva wa kwanza, aliyeitwa Sukari kwa maneno yake matamu, alikwenda siku ya kwanza na kurudi saa tisa akipiga mluzi.

"Saa tisa, Mshale!" alitamba. "Wewe hata uote mabawa, utanikuta nimeshaoga."

"Mimi nitarudi saa nane," Mshale akamjibu. "Hilo taulo lako liache karibu, utalihitaji kufutia machozi."

Maneno hayo yalimtoka mbele ya bohari zima. Neno likishatoka halirudi, labda ulifuate kwa miguu.

Kazi ile ina sheria moja ambayo hata mlinzi wa getini anaijua: mteja wa mwisho njiani ndiye wa kwanza kuingia lorini. Mzigo wake unasukumwa hadi mbele kabisa, mgongoni mwa dereva. Mteja wa kwanza anaingia mwisho, akae mlangoni, ili ukifungua tu, umkute anakusubiri. Kwa hiyo kila dereva huandika orodha mbili. Ya safari hubaki naye. Ya upakiaji, iliyogeuzwa chini juu, humpa mpakiaji, naye huifuata mstari kwa mstari. Mshale aliziandika zote mbili kwa rula na wino mweusi, nadhifu kama kadi za harusi, na ukiziona mezani huwezi kuzitofautisha. Asubuhi ile, kwa papara ya mtu aliyekwisha kujiona mshindi, akamkabidhi mpakiaji ile ya safari.

Mpakiaji, jibaba la mabega mapana waliloliita Bonge, aliitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena.

"Kaka, orodha hii imesimama kwa miguu au kwa kichwa?"

"Imesimama sawasawa. Pakia."

"Nauliza tu. Naona mama wa mikate yuko juu, na nijuavyo mimi mama wa mikate ndiye..."

"Bonge! Wewe ni mpakiaji au mkaguzi? Umepewa karatasi, isome. Leo si siku ya kufundishana kazi."

Bonge akavuta pumzi ndefu, akazitoa puani. "Haya, bwana. Mwenye orodha ndiye mwenye lori."

Akapakia kama alivyoandikiwa. Mshale wakati huo alikuwa anang'arisha vioo vya lori, akijitazama humo.

*

Kituo cha kwanza kilikuwa mji mdogo kwenye mteremko, kwa mama mwoka mikate. Mshale alirudi kinyumenyume hadi mlangoni pake saa mbili kamili, akaruka chini, akafungua milango ya nyuma kwa mbwembwe.

Tangi la maji likamtazama.

Lilikuwa tangi jeusi la mteja wa kumi na nne. Nyuma yake lilichungulia jokofu la daktari wa mifugo, mteja wa kumi na tatu. Nyuma ya jokofu, matairi ya wa kumi na wawili. Mshale akachomoa orodha mfukoni, akaisoma kuanzia juu. Tangi, jokofu, matairi. Alikuwa ameshika ya upakiaji. 

Mwoka mikate alitoka nje, mama wa makamo, unga umempanda mpaka viwikoni.

"Afadhali umefika, mwanangu! Mashine yangu ya kukandia imekufa tangu juzi. Nina mikate mia tatu ya shule, inatakiwa saa saba. Wanawake wangu wanakanda kwa mikono, mmoja kishaanza kumtukana mumewe ambaye hata hayupo. Mota yangu iko wapi?"

"Ipo, mama. Ipo ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani kabisa."

Mama akachungulia lorini. Akaliona tangi, akamtazama Mshale, akalitazama tangi tena. "Hiyo ndani kabisa ni safari ya siku ngapi?"

 Kichwa cha Mshale kilikuwa kinapiga hesabu. Kurudi bohari kupanga upya, masaa manne. Kuianza ruti kwa nyuma, mama huyu angeipata mota yake jioni, shule imeshafungwa. Kulikuwa na njia ya tatu, nyepesi, na kalamu ilikuwa mkononi. Kwenye kila hati ya kupokelea kuna kiboksi kilichoandikwa "Mteja hakupatikana". Tiki moja tu. Angesema mota imesahaulika bohari, angekuja kesho, na barabara ingemfungukia. Alishusha ncha ya kalamu mpaka ikagusa karatasi.

Mteja ambaye "hakupatikana" alikuwa amesimama hatua mbili mbele yake, anapuliza unga puani.

"Mama," akasema Mshale, na sauti ilimtoka kwa shida kama mtu anayetema mfupa, "lori limepakiwa kinyume. Kosa ni langu. Nitalishusha lote, hapa hapa, niitoe mota yako."

"Lote? Peke yako?"

"Nililiharibu peke yangu."

"Lo! Kumbe una kiburi hata cha kuteseka." Akageuka kuelekea ndani. "Enyi wanawake! Acheni unga upumzike, njooni mnyooshe migongo!"

Wakatoka watano, wenye mikono iliyokaza kwa kukanda. Tangi likashuka likibingirishwa. Jokofu likashuka likibembelezwa. Yakafuata matairi, magodoro, mapipa ya rangi, kreti ya vioo vya madirisha iliyobebwa na watu wanne waliokatazwa hata kukohoa. Barabara nzima ikasimama kutazama.

"Mnahamia?" mpita njia akauliza.

"Tunakuhamia wewe!" mwanamke mmoja akamjibu. "Nenda katandike!"

Mpita njia mwingine aliliona godoro, akaliminyaminya. "Hili bei gani?"

"Haliuzwi, kaka, lina mwenyewe," Mshale akasema, jasho likimtiririka mpaka ndani ya viatu.

"Basi nipunguzie."

Kilipotua chini kiti cha kunyolea, chekundu, cha kuzunguka, bibi mmoja aliyekuwa anapita na kikapu alikikalia, akajizungusha mara mbili, akatulia. Kutoka upande wa pili wa barabara mwanamume akaja mbio na mkasi mkononi.

"Nani kakalia kiti changu? Hata mimi sijakikalia!"

Alikuwa kinyozi, mteja wa pili. Mshale akampa hati pale pale. Kinyozi akaweka saini juu ya pipa la rangi, na bibi akakataa kushuka, kwa hiyo wakavushwa wote wawili, bibi na kiti. Habari ilitangulia lori: muuza vitabu, mteja wa tatu, akaja na mkokoteni kuchukua maboksi yake.

Saa tatu na nusu mota ikaonekana, imejikunyata kwenye kona ya mwisho kama paka aliyeiba. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mwoka mikate akatia saini kwa kidole kilichojaa unga, karatasi ikaingia doa jeupe.

Kisha kazi ya pili: kulipakia upya. Safari hii Mshale alisoma orodha kwa sauti, mstari mmoja mmoja, na kabla ya kila mzigo kuinuliwa aliuliza, "Ni sawa, mama zangu?" Nao wakajibu kwa kiitikio, "Sawa!" hata pale ambapo hawakujua wanaulizwa nini. Saa nne na nusu milango ikafungwa, na ndani ya duka mashine ikaanza kunguruma.

*

Aliendesha kama mtu mwenye akili. Mayai hayakuwemo lorini, lakini alikata kona kama yamo. Tangi likashuka mwisho, kwa mwalimu mstaafu aliyelipiga konzi mara tatu kabla ya kusaini.

Aliingia getini saa kumi na moja na dakika kumi na tisa. Sukari alikuwa ameegemea ukuta, na kweli ameoga.

"Dakika kumi na tisa," akasema kwa upole wa kuudhi. "Pole sana, ndugu yangu."

Bi Kalamu alizipokea hati, akazihesabu, akazigeuza moja moja. Kumi na nne. Akaipangusa ya juu kwa kidole. "Huu unga?"

"Nilishusha lori zima barabarani, bosi. Lilikuwa limepakiwa kinyume."

Bi Kalamu akainua macho. "Bonge!"

Bonge akaja taratibu, mikono nyuma.  Mshale aliona njia nyingine nyepesi imemfungukia: angenyamaza tu, nusu dakika, na lawama ingempata mwenye mabega mapana. Nani angeshangaa? Mpakiaji ndiye anayepakia.

"Bonge alisoma nilichompa," akasema haraka. "Nilimpa orodha siyo. Akaniuliza, nikamfokea. Aliuliza vizuri, nami nilimjibu vibaya."

Bonge akakohoa, akatazama dari.

"Nilisema kabla ya saa kumi na moja," Bi Kalamu akasema.

"Ndiyo, bosi."

"Umechelewa."

"Nimechelewa."

Sukari akajinyoosha ukutani. Bi Kalamu akamgeukia. "Na wewe ulirudi saa tisa, na hati tatu zenye tiki, 'Mteja hakupatikana'. Leo tangu asubuhi watatu hao wananipigia simu. Mmoja ni fundi aliyevunjika mguu. Huyo alikuwa amekwenda wapi, kucheza mpira?"

Kicheko kikapasuka pande zote. Sukari akakuta kitu cha kutazama kwenye kiatu chake.

"Kuchelewa naweza kukutibu," Bi Kalamu akamwambia Mshale, akichomoa kalamu sikioni na kuandika. "Ruti ni yako kuanzia kesho. Ila kwa mwezi mzima orodha zote ataandika Bonge."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utapakia," akasema Bonge, mara ya kwanza akitabasamu. "Usijali, kaka. Ukiwa na swali, mimi huwa sifoki."

Mshale akampa mkono, kisha akamkumbatia kabisa, ingawa mikono yake haikufika kote. Akatoka nje, jua bado lipo, akampigia mkewe.

"Niwekee chakula."

"Cha lini, Baba Kidoti?"

"Cha leo. Na cha kesho."

"Na keshokutwa?"

"Na keshokutwa. Ruti ni yangu."

Upande wa pili mkewe akavuta kamasi, kisha akacheka. "Basi pitia sokoni, vitunguu vimeisha. Na sabuni. Na bomba la jikoni linavuja tangu mwezi uliopita. Mume anayelala nyumbani hutumwa, hukuambiwa?"

"Vitunguu vingapi?" akauliza Mshale, akatoa kalamu, akaandika orodha kwenye kiganja. Kisha akamsomea yote tena, moja moja, ahakikishe.