Kereng'ende wa Mwimo wa Mlango

Kereng'ende hafukuzwi. Ukimfuatafuata na simu utapiga picha ya hewa. Tafuta mahali anapopenda kutua, kaa kimya, kivuli chako kisimguse. Hata akiruka, atarudi palepale.

Wangu ni mwekundu, na anapenda mwimo wa mlango. Ndicho kitu pekee cha nyumba yangu kilichobaki wima tangu ziwa lilipopanda hapa Gatete. Kila asubuhi naingia majini hadi magotini, napita palipokuwa sebule, nainama. Majirani waliohamia ng'ambo ya barabara wananicheka: "Mama Barnaba, umekosa kazi?" Ndiyo, kazi sina. Wa kuongea naye pia sina.

Leo alitulia. Nilisogeza simu polepole mpaka nikaona mishipa ya mbawa zake, imefumwa kama wavu wa kuvulia ndagala. Nikazuia pumzi, nikapiga. Picha nikamtumia mwanangu Barnaba, ambaye huu ni mwaka wake wa tisa Kanada. Habari za maji sijampa. Hajauliza.

Ajabu, alijibu papo hapo: "Mama, hiyo fasi iko muzuri sana! Ni wapi?"

Rangi ya bluu ya mwimo inaonekana wazi pichani. Aliipaka mwenyewe, akamwaga nusu ya kopo sakafuni, nikamgombeza siku nzima.

Nikaandika: "Ni mlango wa chumba chako."

Nikabaki nimeinama, nangoja. Kereng'ende aliruka mara tatu. Mara tatu alirudi.