Sala za Mpangaji

Wapo waliolelewa katika imani na mapadri, wengine na masista. Mimi nililelewa na Bi Zainabo, Mwislamu wa Palma, tena nikiwa mtu mzima mwenye mshahara wangu, na wala sikuomba kulelewa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Serikali ilinitoa Quelimane nilikozaliwa, ikanileta Palma kuwa muuguzi katika kituo cha afya. Nyumba ya muuguzi ilikuwa bado kwenye mpango, na mipango siku zile tulikuwa nayo mingi kuliko misumari, kwa hiyo nikapewa chumba cha uani kwa Bi Zainabo, mjane mwenye sauti nyembamba na macho yasiyopitwa na kitu. Kiswahili alinifundisha yeye, kwa kunikaripia. Ndiyo maana mpaka leo kukaripia nakujua kuliko kubembeleza.

Nilikuwa Mkatoliki wa ubatizo, wa komunyo ya kwanza, wa picha ya gauni jeupe. Lakini misheni zilikuwa zimetaifishwa, padri amekwenda zake, na kanisa dogo la mjini limegeuzwa ghala la ushirika. Wengine walilia. Mimi niliona nafuu. Jumapili nililala mpaka jua likaniamsha lenyewe.

Bi Zainabo alivumilia, akavumilia, kisha asubuhi moja akanisimamia mlangoni.

"Palmira, weye una dini?"

"Ninayo, Bibi. Mimi Mkristo."

"Mbona sikuoni ukisali?"

"Kanisa limefungwa."

"Kwani Mungu wenu yumo humo ndani, na ufunguo kauchukua camarada wa serikali?"

Nikavuta shuka mpaka kichwani.

"Mie siwezi kukusilimisha kwa nguvu," akasema. "Ila mtu asiyesali uani mwangu simtaki. Sali hiyo ya kwenu. Lakini usali."

Kesho yake, adhana ya alfajiri ilipokwisha, mchi ukagonga mlango wangu. Nikafungua kwa usingizi na hasira. Nje nilikuta kopo la maji na mkeka. Nikamweleza kwamba sisi hatutawadhi. Akasema hata kama, uso wenyewe ulikuwa unataka maji. Akauliza tunaelekea wapi. Nikasema popote.

"Popote si mahali. Elekea kwenu, kwa mama yako. Huko angalau kuna mtu anayekuombea."

Nikaelekea Quelimane, nikasema Baba Yetu na Salamu Maria mbio mbio nirudi kulala. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Umemaliza? Hata chai haijachemka!"

Basi ndivyo tulivyokwenda. Mchi alfajiri, mchi adhuhuri nikiwa nyumbani, mchi magharibi. Siku aliyoiona rozari yangu chini ya nguo zangu za kapulana sandukuni, alipiga kigelegele. "Kumbe una tasbihi, mwanangu, na umeificha kama kitu cha wizi!" Tangu hapo ikawa lazima niishike, naye ashike yake, tukae kibarazani kila mtu na hesabu zake. Nilipomwambia kwamba nina pia kitabu cha Injili, nilijitia kitanzi mwenyewe. Kila chai ya asubuhi aliuliza nimesoma nini, na jioni alitaka kuona kama nimefanya.

"Asubuhi ulinisomea mwombeeni anayewaudhi. Mchana nimekusikia ukimtukana Cassamo wa samaki. Umemwombea kabla au baada?"

Kosa kubwa zaidi ni kumwambia kwamba Ijumaa sisi hatuli nyama. Akauliza tunakula nini. Nikasema samaki. Alinitazama kwa huruma ya kweli. Palma nyama tuliiona Idi mpaka Idi. Samaki ndiye chakula chetu cha kila siku aliyopanga Mungu.

"Samaki wa nazi, halafu mwasema mmefunga?"

Ijumaa ile nikala muhogo mkavu, na nyingine zote zilizofuata.

Sitaki kudanganya kwamba nilipenda. Nilinung'unika mpaka mimi mwenyewe nikajichoka. Lakini kitu kilianza kuota bila ruhusa yangu. Nikajikuta kituoni, nikichemsha sindano, midomo inasali. Nikajikuta nawatazama usoni wagonjwa niliokuwa nikiwatazama vidonda tu. Siku moja nikaamka kabla ya mchi, nikafungua mlango, Bi Zainabo akaduwaa na mchi wake hewani. Nilifurahi mno kumwona ameduwaa.

Sasa lazima niseme habari ya mama wa Vamizi. Walimleta kwa mashua kutoka kisiwani kwao, mtoto amekaa vibaya tumboni, na mimi sikuwa mkunga, nilijua kufunga vidonda na kutoa vidonge. Nilimshika mkono mpaka ukapoa. Hakuna kitu nilichokitaka duniani baada ya siku ile kuliko kusomea ukunga. Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba Palma imepewa nafasi moja ya kozi ya ukunga huko Pemba, niliitaka mpaka nikakosa hamu ya kula. Tulikuwa wawili tuliofaa, mimi na mwenzangu Benvinda, na mimi ndiye niliyetangulia kazini. Nafasi ilikuwa yangu kama nisingefanya la kipumbavu.

La kipumbavu likafanywa na Bi Zainabo, tena kwa mapenzi. Kwenye foleni ya sukari ya ushirika, mwanamke mmoja alisema hawa wafanyakazi wa serikali wanaoletwa kutoka mbali hawana Mungu. Bi Zainabo akapanda moto. Akatangaza mbele ya foleni nzima kwamba mpangaji wake anasali mara tano, ana tasbihi, anafunga kwa muhogo mkavu, na kama wapo wanaobisha waje alfajiri wasikilize wenyewe.

Habari zikafika kwa camarada Eusébio, katibu wa chama pale mjini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maelekezo, na maelekezo yalisema dini ni obscurantismo, giza la kale, na mwenye giza hapelekwi kozi. Mkutano wa hadhara wa kupitisha jina ukaitwa Jumamosi alasiri, shuleni. Tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu.

"Camarada Palmira," akaanza Eusébio, "inasemwa kwamba unasali mara tano kwa siku. Ni kweli?"

Kabla sijainuka, Bi Zainabo alishasimama. Hakuna aliyempa ruhusa.

"Uongo wangu, camarada! Nilijigamba tu kwenye bicha ya sukari. Huyu hasali. Analala mpaka jua linapanda. Wallahi, hasali!"

Darasa zima likageuka kumtazama. Pale Palma hapakuwa na mtu aliyewahi kumsikia Bi Zainabo akisema uongo, seuze kuuapia. Hata akiuza kuku, alimwambia mnunuzi kwamba ana jicho moja bovu. Eusébio alishusha pumzi. Nadhani naye alitaka yaishe. Akachukua kalamu.

"Basi. Kama hakuna jingine, tuandike jina."

Nilichotakiwa ni kukaa kimya. Nilimwona mama wa Vamizi kama yuko mbele yangu. Nikamtazama na Bi Zainabo, amejifunika ushungi mpaka machoni. Nilimpenda mno na nilimkasirikia mno. Ameniamsha alfajiri zote zile, kisha leo anataka nilale!

Nikasimama.

"Camarada, si kweli kwamba nasali mara tano," nikasema. "Ni mara tatu. Hizo mbili kaongeza Bi Zainabo. Lakini nasali."

Watu walicheka. Eusébio hakucheka. Aliniuliza kwa upole kama niko tayari kuacha. Nikasema hapana. Sauti yangu haikuwa ya shujaa, ilikuwa ya mtu mwenye mafua. Akaandika jina la Benvinda.

Njiani Bi Zainabo alitangulia, kanga inapeperuka kwa hasira, akizungumza na barabara.

"Nimeharibu ulimi wangu bure! Miaka yote hii sijaapa uongo hata kwa mume wangu, Mungu amrehemu, na alistahili! Leo naapa, naye anasimama ananikanusha mbele ya watu!"

Mimi nilikuwa nalia nyuma yake. Nililia kozi, nililia wanawake wa visiwani. Nilipofika chumbani nilijitupa kitandani. Ilipofika magharibi, mchi haukugonga. Nikasema vema, hata mimi leo sina la kumwambia Mungu, anajua alichonifanyia.

Kisha mlango ukasukumwa taratibu. Bi Zainabo akaingia, akaketi sakafuni, karibu na miguu yangu. Sikuwa nimewahi kumwona akiketi chini yangu.

"Kwa Mungu wangu nimeshatubu," akasema. "Lakini uongo wenyewe nilisema kwa ajili yako. Naona na wako asikie. Niombee."

Nikafuta macho. Sala zote nilizozijua zilikuwa za kukariri, tena za Kireno, na humo hamkuwa na moja ya mjane Mwislamu aliyeapa uongo kwa sababu ya upendo. Nikapiga magoti pale pale alipo. Nikaanza kwa Kiswahili, ili naye aelewe, polepole, nikitafuta neno moja moja.

"Mungu, namwombea huyu hapa, Bi Zainabo..."

Akanigusa begani.

"Taja na jina la mama. Sema Zainabo wa Ancha. Mazainabo ni wengi, asije akamsamehe yule wa kijiji cha Mute."