Ng'ombe wa Bucha ya Kabiru

Watu wananiambia yule ng'ombe ni mzuri. Nilimchora mimi, na nawaambia ni takataka. Anasimama kwa miguu miwili, ana kope za bibi harusi, ameshika mwiko na anachekelea juu ya sufuria. Ng'ombe anayefurahia kupikwa! Kampuni ya viungo vya mchuzi ilimpenda, na sasa yuko kwenye ukuta wa bucha ya Kabiru hapa Bondeni, Nakuru, kwa rangi ya chungwa inayoumiza macho.

Chini ya rangi hiyo kuna ng'ombe mwingine. Huyo alichorwa na Mzee Nicodemus, fundi aliyenifundisha kazi, na huo ndio ulikuwa ukuta wake wa mwisho mjini. Kuta zake nyingine zote zilishabomolewa.

Kabla ya kumchora, Mzee alikaa siku nne kwenye josho la ng'ombe kule Gilgil, akitazama tu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule juzi, nikadhani amerukwa na akili. Akaniambia, "Ng'ombe akisimama sana hulegeza mguu mmoja wa nyuma. Ukimsimamisha kwa yote minne, umechora meza." Kila mbuzi na kila mwalimu niliyemchora katika vitabu vya shule anasimama hivyo, uzito upande mmoja, kwa sababu ya siku nne hizo. Lakini nikiulizwa nilijifunza kwa nani, nilikuwa nikitaja wachoraji wa Kijapani na Kifaransa ambao hata hawajui Nakuru iko wapi. Mshenzi mimi.

Na mafundi wa kuta walikuwa na sheria yao. Ukitaka kufunika kazi ya mwenzako, unaenda kwanza kumwambia. Kisha unaacha pembe moja ya chini ya picha yake, kipande cha ukubwa wa kiganja, chenye jina lake. Mzee alifunika kuta nyingi, na kila ukuta aliuachia pembe.

Mimi nilitumiwa vipimo kwa simu na Natasha wa kampuni ya matangazo. Futi kumi na nne kwa saba, dirisha kushoto. Ukuta huo niliushikia kamba Mzee alipoupima mara ya kwanza, na bado sikuuliza ni wa nani. Kwenye tablet kila ukuta ni mweupe. Nilichora siku mbili, nikatuma, nikasahau. Wapaka rangi wakatoka Nairobi wakamaliza kazi, na Alhamisi Natasha akanitumia picha. Nilipoliona lile dirisha, nilijua.

Nikampigia. "Natasha, kulikuwa na picha hapo."

"Ile ng'ombe ya zamani? Si ilikuwa imefade, haionekani. Relax, Kiplangat, hii yako imeweza, iko poa."

Nikakata simu nikaenda kwa Kabiru. Alikuwa akikata mbavu.

"Boss, wamenipakia rangi bure na wakanirekebishia gutter," akasema. "Sasa ningewaambia nini?"

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia na kila njia ilinirudisha kwangu.

Basi nikaenda kwa Mzee kumwambia, jambo ambalo lilipaswa kufanywa kabla ya brashi ya kwanza. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, haoni mbali. Alinisikiliza hadi mwisho, akavaa koti, akasema twende.

Pale ukutani aliinama akapitisha vidole kwenye ukingo wa chini, kutoka pembe hadi pembe, polepole.

"Pembe iko wapi?"

"Haikuachwa, Mzee."

"Walikukataza?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angeniamini, na hilo ndilo lililoniuma. "Sikuuliza ukuta ni wa nani."

Akasogeza uso karibu na yule ng'ombe, akamkagua kutoka kwato hadi kope. "Na huyu amesimama aje? Uzito wake uko wapi?"

"Hana uzito."

Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige fimbo mbele ya watu waliopanga foleni ya nyama. Nikamwambia nitaleta skrepa, nitakwangua yote, nitamrudisha ng'ombe wake.

"Ukikwangua utatoa rangi yako na yangu pamoja. Hata hilo umesahau?" Akatoa mfukoni brashi nyembamba iliyofungwa kwa gazeti na kikopo cha rangi nyeusi. "Andika jina."

"Lako, Mzee?"

"Langu liko huko chini. Andika lako. Mtu akiuliza ng'ombe wa Nicodemus alienda wapi, ajue wa kuuliza."

Kabiru alitoka na kisu mkononi kusema kampuni haitakubali. Alipoona uso wa Mzee alirudi ndani.

Nikapiga magoti kwenye pembe ya chini, palepale palipotakiwa kuachwa. Miaka sita sijashika brashi ya kweli. Niliandika KIPLANGAT kwa herufi kubwa, nikasimama.

Mzee aliinama hadi pua ikakaribia rangi mbichi. Alisoma herufi moja moja.

"G imelala," akasema. "Futa, urudie."