Saa Iliyotoka Kwenye Chupa

Mwezi wangu wa kwanza Luchelele nilipoteza simu moja na saa moja, na vyote viliponzwa na ziwa.

Simu ilinitoka mfukoni nikiwa nimeinama kwenye mtumbwi kupima maji. Nilisikia chubwi ndogo tu. Ngosha, ambaye ndiye anayetuendeshea mtumbwi, aliangalia viduara vikitawanyika juu ya maji, kisha akasema kwa upole kabisa, "Hiyo ya kwako ni ya nne. Sasa huko chini wanaweza kufungua duka."

Siku hiyo hiyo Mama Justa, mwenyekiti wa kikundi, akaweka sheria: simu haipandi mtumbwini, iwe ya nani.

Mimi naitwa Ajwang. Kwetu ni Rorya. Nilisomea mambo ya samaki na maji, na baada ya kumaliza chuo nilikuja kukaa kwa Mama Justa, hapa pembeni ya jiji la Mwanza, kuwasaidia akina mama kumi na wanne wanaofuga sato kwenye vizimba ziwani. Mwaka uliotangulia, vizimba vyao vikiwa ndani ya ghuba, waliamka asubuhi moja wakakuta sato wote wanaelea, matumbo juu. Hewa ndani ya maji ilikuwa imeisha. Mama Justa alinisimulia habari hiyo siku niliyofika, mara moja tu, na hakuirudia tena.

Safari hii vifaranga wapya walikuwa wamekwisha kuagizwa. Kabla hawajafika ilibidi tujue vizimba vikae wapi: ghubani palepale, karibu na nyumbani, au nje kupita majabali, mbali na penye mawimbi. Akina mama wengi walitaka ghubani. Kazi yangu ilikuwa kupima hewa ya maji sehemu zote mbili, mara tatu kwa siku kwa siku kumi na nne mfululizo, na kila siku saa zilezile: kumi na mbili asubuhi, saba mchana, kumi na moja jioni. Hewa ya maji hupanda na kushuka na jua. Ukichelewa, unalinganisha vitu visivyolingana. Ukiruka hata mara moja, unaanza upya, na vifaranga hawatakusubiri.

Kwa hiyo nilihitaji saa ya mkononi.

Ya kwanza niliinunua stendi ya Nyegezi kwa kijana aliyebeba ubao wa saa kifuani. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na nilijiona nimependeza. "Haiingii maji, dada, hata uoge nayo," aliniambia. Siku ya pili ikapata ukungu ndani ya kioo, na mishale ikasimama saa tano kasorobo.

"Wajaluo na vitu vya kung'aa!" alicheka Ngosha.

"Na nyie Wasukuma mnajua saa ni ya nini? Mkiona ng'ombe wamerudi, mnasema jioni imefika."

"Na ng'ombe hawajawahi kuingia ukungu," akajibu.

Mama Justa alinihurumia. Aliniambia niende mjini, kwa fundi saa anayeitwa Josephat, ambaye meza yake, yenye chupa ya maji juu, iko karibu na Makoroboi.

Nilimtambua kabla sijamuuliza jina. Juu ya meza yake ilikuwepo chupa kubwa ya kioo, ya zile za kuwekea karanga, imejaa maji ya ziwa ya kijani kidogo, na ndani yake saa nne zimelala chini kama kokoto. Zote zilikuwa zinatembea.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Unataka ya harusi au ya kazi?"

"Ya kazi. Niko ziwani kila siku."

"Basi usiangalie hizi za kwenye kamba. Ya ziwani linakuuzia ziwa lenyewe." Akaigonga chupa kwa kucha. "Isiyokaa humu miezi mitatu siiuzi kwa mtu wa majini. Nimeshagombana na wavuvi wa kutosha."

Aliichukua ile saa yangu ya dhahabu, akaigeuza mgongo. "Imeandikwa mita thelathini. Wewe ulielewaje?"

"Kwamba inaweza kwenda mita thelathini chini."

"Kutafuta sangara? Thelathini maana yake ivumilie mvua na kunawa mikono. Mtu wa mtumbwini aanzie mia. Halafu tazama mfuniko. Huu unabanwa tu kwa kidole, kama wa kopo la mafuta ya kujipaka. Unaotakiwa ni wa kuzungushwa kwa nyuzi, wenye mpira ndani. Na hiki kifundo cha pembeni, cha kurekebishia mishale, usikivute ukiwa na mkono mbichi. Kukivuta ni sawa na kufungua mlango."

Akaingiza mkono kwenye chupa, akatoa moja. Ilikuwa nyeusi, nene, mkanda wa mpira, namba kubwa nyeupe. Kusema kweli haikuwa nzuri. Ilifanana na kizibo cha dumu.

"Hii imo humu tangu Pasaka," alisema, na tulikuwa Julai.

Nilimwonyesha nyingine iliyonivutia zaidi, yenye kioo kinachong'aa. Akatikisa kichwa. "Ile ni kioo kweli. Haikwaruziki upesi, ila siku ukiipiga kwenye ukingo wa mtumbwi, kwaheri. Hii ni plastiki. Itakwaruzika, hilo nakuahidi. Lakini kitambaa na dawa ya meno vinairudisha. Chagua kitu ambacho kikiumia unaweza kukiponya mwenyewe."

Nilitoka pale nimebaki na nauli tu, na kizibo cha dumu mkononi.

Nikaanza kupima. Siku mbili tatu za mwanzo niliiangalia mara mia, nikisubiri ukungu. Haukuja. Ilipigwa na mvua, ikagongwa na kasia, ikazama pamoja na mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Kipimo chetu kinataka kukaa dakika tatu katika kila kina ndipo kitulie, na dakika zile tatu zikawa mapumziko yangu. Nilitazama mshale mwembamba ukizunguka huku ndege mdiria akipiga mbizi kando yetu, nikaona kwamba naipenda kazi yangu. Chini ya mkanda ngozi yangu ilibaki na rangi ya zamani, kama bangili.

Tatizo lilikuwa moja, nalo ni harufu. Chakula cha samaki ni unga wa dagaa, na mkanda wa mpira unaunyonya. Jumapili, siku ya kumi na moja ya kupima, niliporudi asubuhi kutoka majini, niliona aibu kwenda nayo kanisani. Nikaivua, nikaiweka kwenye kichanja cha vyombo uani.

Hapo ndipo nilipokosea. Sikufikiria ni kichanja cha nani.

Mama Justa anajulikana mtaa mzima kwa sufuria zake. Kila anachokikuta kwenye kile kichanja hukipeleka ufukweni, akakisugua kwa mchanga na majivu mpaka ujione uso. Siku hiyo alikuwa amesali misa ya kwanza, akarudi mapema, akaikuta saa inanuka dagaa katikati ya sahani zake.

Niliporudi alinipokea mlangoni akitabasamu. "Njoo uone mwanangu, hainuki tena."

Kweli haikunuka. Kioo chake kilikuwa cheupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Niliigeuza huku na huku kwenye jua. Namba sikuziona, wala mishale. Nikaiweka sikioni: tk, tk, tk. Ilikuwa hai, ila haikuweza kuniambia kitu.

Mama Justa alisoma uso wangu. Tabasamu likamtoka polepole. "Nimeiua?"

"Hapana, mama. Imepofuka tu," nilisema.

Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa, na simu yake pamoja na za majirani zilikuwa zimezima. Kengele ya kanisa ya saa tano ilikuwa imelia nikiwa njiani. Kabla ya saa saba nilitakiwa kuwa majini na kitu cha kuhesabia dakika tatu tatu. Ngosha alipoitwa alikodolea macho jua, akasema anaweza kukisia.

"Kukisia ndiko kulikotufikisha pale mwaka jana," alisema Mama Justa. Ilikuwa mara ya pili kumsikia akiutaja ule mwaka. Akaketi kwenye kigoda, mikono imelala mapajani, mikono ile mikubwa ya kusugua, kama vile anaionea haya.

Nikakumbuka chupa, na maneno ya fundi.

"Mama, dawa ya meno ipo?"

Alinitazama kana kwamba jua limenichoma kichwa. Nilipomweleza, alinyanyuka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake. Hakunipa mimi hiyo kazi. "Wewe hujui kusugua. Sufuria zako nimeziona."

Alianza na majivu, yale laini aliyoyachekecha kwa mtandio, yakachanganywa na tone la maji. Kisha kipande cha kitenge kikuukuu na dawa ya meno. Viduara vidogo, vidogo, bila kukandamiza, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Aliosha, akatazama, akarudia. Ngosha alisimama kando akisema hajawahi kuona saa ikipigwa mswaki. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni, nikapotea, nikaanza tena. Hatukuweza kujua amesugua kwa muda gani, kwa kuwa saa yenyewe ndiyo aliyokuwa anaisugua.

Kwanza ilitokea namba kumi na mbili, kama mtu anayechungulia kwenye pazia. Halafu mshale wa dakika.

"Inasema nini?" aliuliza, hakuwa na miwani.

"Saa saba kasoro dakika kumi na nane!"

"Sasa mnanitazama nini? Nendeni!"

Tulikimbia. Ngosha alipiga kasia bila kutania hata mara moja. Saa saba kamili nilishusha kipimo ghubani, nikasubiri dakika zangu tatu. Kulikuwa na mikwaruzo iliyobaki kwenye kioo, mistari myembamba ya duara, lakini mshale ulipita chini yake bila shida. Tukaenda nje ya majabali, nikapima pia. Nilipoinua kichwa nilimwona Mama Justa kwa mbali, amesimama majini hadi magotini na gauni lake la misa. Nikampungia mkono wenye saa. Akarusha kitenge hewani.

Siku ya kumi na nne niliwasomea akina mama daftari zima, bila nafasi hata moja iliyo wazi. Ghubani hewa ilishuka kila alfajiri, na alfajiri mbili ilishuka mno. Nje ilishuka kidogo tu. Waliuliza maswali mengi, wengine kwa ukali, kisha wakanyoosha mikono. Vizimba vikapelekwa nje.

Sasa vifaranga wana urefu wa kidole changu. Saa imerudi kunuka dagaa, na mimi huiosha mwenyewe kwa maji matupu. Juzi Mama Justa alirudi kutoka mjini akanionyesha saa mkononi mwake: nyeusi, nene, mkanda wa mpira.

"Josephat alikuwa ananionya kwamba mchanga unakwaruza kioo," alisema. "Nikamwambia, baba, nenda moja kwa moja kwenye dawa ya meno."