Mwanaanga wa Tatu

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Fundi Meno alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu. Alitengeneza meno ya bandia kwa mikono iliyotulia kama maji ya mtungini, na nusu ya vicheko vya mtaa ule vilikuwa kazi yake. Mtu wa namna hiyo hatarajiwi kulala chali sebuleni mchana kweupe, miguu juu ya kochi, akiwa njiani kwenda mwezini.

Roketi ilikuwa ya mkewe. Mwalimu, maana alifundisha fizikia na hata nyumbani jina hilo lilimganda, aliinunua ikiwa vipande ndani ya boksi. Vipande vilikuwa vingi hata mama yake, aliyeishi nao, akauliza kama duka lilimuuzia roketi au ajali ya roketi. Tangu mvua zianze, kila jioni Mwalimu alisogeza sahani, akatandika gazeti, akashika kibano na gundi. Akaunganisha mabomba membamba kama mishipa ya jani, na ngazi ambazo hata sisimizi angezipanda kwa uangalifu. Akiwa kazini, macho yake yalikuwa yanakwenda mahali. Fundi Meno hakujua ni wapi, na kwa kuwa wivu hauna macho, alisema, "Mtu mzima na midoli."

Mwalimu aliacha tu kumwonyesha. Na hilo ndilo lililomkaa Fundi rohoni kama mwiba wa samaki: mkewe alikuwa na anga zima pale mezani, na yeye hakualikwa.

Siku hiyo kilibaki kipande kimoja kubandikwa, chumba cha wanaanga kinachokaa nchani, ukubwa wake kama gego. Ndani waliketi watu watatu wadogo kama punje za mchele, na Mwalimu aliwapaka rangi mpaka nyusi.

"Meza hiyo," alisema akienda kusimamia mitihani, "uipite kama unavyopita kituo cha polisi."

Fundi aliipita vizuri tu, kisha akarudi kuhakikisha kwamba ameipita. Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani na kujilaza juu ya roketi. Akaiinua. Akalala sakafuni ili aione kwa chini, kama aionavyo mtu aliyeachwa duniani. Chumba cha wanaanga alikibana kwa meno, kwani hapo ndipo anapoweka kila kitu kidogo mikono ikiwa na kazi.

Dari likapanuka. Madoa ya unyevu yakawa bahari kavu za mwezini. Akapaa polepole, akaipita taa, akaona nyumba yake kule chini, ndogo kama kiberiti, na mkewe uani akianika nguo. Akampungia mkono. Usingizi ukamchukua akiwa huko huko juu.

"Mkwe, umekufa?" mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni.

Akashtuka, taya zikafunga. Chumba kikapasuka katikati. Wanaanga wawili wakamwangukia kifuani. Wa tatu akateremka kooni kwa heshima zote.

"Sijafa, mama."

"Basi utakufa jioni," alisema mama mkwe baada ya kuvitazama vipande. Akavuta kiti karibu, maana mambo mengine si ya kusimuliwa.

Fundi akakimbilia chumba chake cha kazi. Akachonga umbo kwa nta, akamwaga plasta, akachanganya unga wake na dawa yake. Lakini mkono uliozoea hauombi ushauri. Kwa kuwa jino jeupe mno humuumbua mwenye nalo, akatia unjano kidogo. Akasaga ncha iwe kama imekwisha kutafuna miaka kadhaa. Chini akaweka mzizi, ili kishike vizuri. Akawaketisha ndani wale wawili, akakipachika nchani. Kilikaa barabara.

"Zuri," mama mkwe alikiri. "Lingenifaa mimi, hapa kushoto."

Hapo ndipo Fundi alipoona alichokifanya, na hapo ndipo lango lilipolia.

Mwalimu aliweka mkoba chini, hakuketi. Aliizungusha roketi kwa kidole kimoja.

"Kwa nini roketi yangu imeota jino?"

"Nyeupe kabisa huonekana bandia," alisema Fundi, sauti ikimwishia njiani.

"Ni bandia. Ni plastiki." Akachungulia ndani. "Wako wawili. Wa tatu yuko wapi?"

Fundi akaweka kiganja tumboni, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa akakosea mahali pa moyo.

Mama mkwe akaanza kuchunguza kucha zake.

"Ulikuwa unaifanyia nini?" Mwalimu aliuliza taratibu, na taratibu ile ilitisha kuliko kelele. "Unionyeshe kwamba ni mdoli?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: alikuwa anaifuta vumbi. Lakini kwa uongo huo angebaki nje ya anga ile maisha yake yote.

"Nilikuwa naruka," alisema. "Nilishaipita taa. Wewe ulikuwa uani, nikakupungia. Sijui kama uliniona."

Mwalimu aliinua macho kwenye taa.

"Taa uliipita upande gani?"

"Kushoto."

"Kushoto kuna utando wa buibui."

"Niliuona. Kwa pale juu ni kama mji usiku, barabara zote zinawaka."

"Mimi hupita kulia," alisema Mwalimu. "Huo mji sijawahi kuuona."

Akavua viatu. Akamwelekeza alale tena pale pale sakafuni, naye akajinyoosha kando yake, akaweka sikio juu ya tumbo la mumewe. Mama mkwe akasema anakwenda kutazama chai, ingawa hakuna aliyekuwa amebandika chai.

"Anasemaje?" Fundi alinong'ona.

"Nyamaza. Mawasiliano ni hafifu." Akafumba macho. "Anasema kuna giza. Ila joto linatosha."

"Ana hasira?"

"Bado anafikiria."

Tumbo likanguruma, ngurumo ndefu na nzito, mpaka kichwa cha Mwalimu kikatikisika.

"Ametua," akasema.