Kibanio cha Mzee Hermilo

Mwanamume wa kijiji cha Atocpan akionekana barabarani na ndoo ya mahindi yaliyochemshwa ya kusaga, watu hujua moja kati ya mambo mawili: mkewe kajifungua, au mkewe kamkimbia. Mzee Hermilo hakuwa kwenye kundi lolote. Mkewe, Eduviges, alikuwa nyumbani, kwenye kiti cha kamba karibu na jiko, mkono wa kulia umelala mapajani kama paka wa jirani aliyejikaribisha mwenyewe. Kiharusi kilikuja kabla ya mvua za kwanza. Kikachukua ule mkono, kikachukua nusu ya mguu, lakini ulimi kikauacha kama ulivyo. Hermilo alikuwa akiwaambia wanabendi wenzake kwamba ugonjwa wenyewe uliuogopa.

Alikuwa mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa linalomvaa mtu kama chatu wa shaba. Kwenye harusi na misiba yote ya upande ule wa mlima Malinche, kishindo cha chini kilichotikisa vikombe mezani kilikuwa chake. Mapafu alikuwa nayo. Mikono ya kupika hata tortila, ile chapati ya mahindi ya kila siku, hakuwa nayo, na hakuna aliyewahi kumdai.

Mpaka Jumapili ile binti yao Nereida alipokuja kutoka Puebla, akamtazama mama yake, akamtazama tena, kisha akamvuta baba yake uani penye mbuzi.

"Baba, mama amebaki mifupa. Anakula nini?"

"Anakula."

"Nini?"

"Namnunulia tortila za dukani. Anaonja moja, anasema ana hamu ya kusoma kilichoandikwa humo, maana ni karatasi."

Nereida hakucheka. Alikuwa na uso wa mama yake na haraka ya mjini. "Jumapili ijayo nakuja na gari. Mama anakwenda kukaa kwangu."

"Na mimi?"

"Wewe una mbuzi, una shamba, una bendi. Kwangu ni chumba kimoja na nusu, baba, utalala wapi, ndani ya tuba? Sikulaumu. Lakini hata tortila huwezi kupika. Utamlisha nini, muziki?"

Mzee Hermilo alifungua mdomo kutafuta mzaha. Hakuupata, na hilo lilimtisha kuliko gari.

Usiku alimwuliza mkewe anataka nini. Eduviges aligeukia ukuta. "Nitakwenda tu, mzee. Umeshachoka, mimi mwenyewe nimeshajichoka. Zima taa."

Basi Jumanne akaenda sokoni Huamantla akarudi na kibanio cha tortila: sahani mbili nzito za chuma zilizoshikana kwa bawaba kama kitabu, na mkono mmoja wa kubania. Akakiweka mezani kwa mbwembwe, kana kwamba ameleta ng'ombe.

Eduviges alikitupia jicho. Yeye tangu usichana alikuwa akipiga tortila kwa viganja, pa-pa-pa-pa, hata wapita njia walijua kwa mlio kama leo kaamka vizuri au vibaya. "Kumbe siku hizi unajalidi vitabu," akasema, akafumba macho.

Jaribio la kwanza lilikuwa msiba. Aliweka donge la unga katikati ya chuma, akabana, akafungua, na unga ukang'ang'ania sahani zote mbili kama rangi ya ukutani. Alikwangua kwa kisu. Akabana tena, ukaganda tena. Eduviges aliona yote. Alijua kabisa kinachokosekana ni kipande cha nailoni juu na chini, hata mtoto wa Atocpan anajua. Lakini hakusema neno, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikomuuma mzee. Mke aliyemkosoa namna anavyotafuna, leo anamwacha akosee hivi hivi! Aliona mkewe ameshaanza kuondoka.

Ya nailoni aligundua mwenyewe, Alhamisi, akakata mfuko wa sukari. Ijumaa akachemsha mahindi ya bluu kwa chokaa ili maganda yalainike, yakalala mpaka asubuhi. Na Jumamosi ndiyo hiyo akaonekana barabarani na ndoo, amevaa kofia yake ya bendi ili angalau aibu imkute amependeza.

Kwenye mashine ya kusaga ya Abundio kulikuwa na wanawake saba au wanane na ndoo zao. Ajabu, hakuna aliyekuwa mbele. Mmoja anafunga kamba ya kiatu. Mwingine anakohoa. Mwingine kakumbuka kaacha maji motoni, lakini haondoki. Walipomwona mzee, nyuso zao zikachanua.

"Eeh, mzee Hermilo! Umeolewa lini?" mmoja akapaza sauti.

"Juzi. Ningewaalika, lakini mnakula sana."

Delfina, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye vishimo mashavuni, akashika ndoo ya mzee kwa mikono yake miwili. "Pita, baba, pita mbele. Una mgonjwa nyumbani. Sisi tupo tu."

"Hapana, nitapanga foleni kama wenzangu."

"Hata kidogo! Mwanamume apange foleni na sisi hapa tunamtazama? Tutaonekana watu gani?"

Mzee Hermilo alivua kofia. Watu wema, alijisemea, na mimi nilikuwa naogopa kicheko chao. Akamimina mahindi. Abundio, aliyekuwa amesimama na vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi, alitazama paa muda wote kama mtu anayehesabu mabati.

Saa moja baadaye mzee alikuwa na tortila yake ya kwanza halali. Haikuwa duara hasa, ilikuwa na sura ya sikio, lakini ilikuwa imeshikana, imeiva pande zote juu ya tawa la udongo, inanuka vizuri. Akainyunyizia chumvi, akamwekea mkewe katika mkono wa kushoto, akasimama mbele yake kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Eduviges akauma.

*Krrk.*

Akaacha kutafuna. Akatoa ulimi taratibu, akaondoa kitu kwa kidole, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa chembe ya jiwe.

"Mzee," akasema. "Mashineni ulikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza. Walinipisha."

"Nani alikupisha?"

"Wote. Ila Delfina ndiye aliyeninyanyulia na ndoo. Yule mama ana roho nzuri, sikujua."

Bega la kushoto la Eduviges lilianza kutikisika. Mzee akadhani ni kiharusi kingine, akapiga magoti kumshika, ndipo akasikia sauti: kwanza kama birika linalokaribia kuchemka, kisha kicheko kamili, kile cha zamani, cha kurusha kichwa nyuma, ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu kabla ya mvua.

"Wamechonga mawe!" akasema, machozi yanamtoka. "Abundio amechonga mawe ya mashine jana! Wewe, mjinga wangu wewe! Siku ya mawe mapya hakuna mwanamke wa Atocpan anayekubali kuwa wa kwanza. Unga wa kwanza ndio unaoondoka na mchanga wote. Huwa tunafunga viatu, tunakohoa, mpaka apite mtu asiyejua."

"Asipopita?"

"Abundio anasaga mahindi ya nguruwe. Lakini huwa anapita. Mwaka alioolewa Delfina, nani alimnyanyulia ndoo?" Akajigonga kifua kwa mkono mzima. "Mimi! 'Pita, bibi harusi, pita.' Mume wake alivunjika jino. Ameningoja miaka yote hii, shetani yule!"

Mzee alikaa sakafuni akacheka naye, ingawa yeye alicheka zaidi kwa kumwona anavyocheka. Walipotulia, Eduviges alifuta macho kwa kitambaa cha kiti, akaitazama ile tortila yenye sura ya sikio, kisha akaitazama ndoo.

"Hiyo mpe nguruwe wa Abundio. Weka mahindi mengine motoni. Nereida anakuja kesho, siwezi kumkaribisha kwa kokoto."

"Si ulisema utakwenda tu?"

"Nikienda nitakwenda nimeshiba. Ulitia chokaa kiasi gani?"

"Kiganja."

"Kiganja chako au cha binadamu? Punguza. Onja maji, yakuchome ulimi kidogo tu, basi. Na ulivyoyaosha mahindi nilisikia hapa, ulikuwa unafua blanketi? Ukitoa ganda lote unga haushikani, ndiyo maana kingo zako zimepasuka. Leta sufuria karibu, nione."

Jioni ile alimwita mara kwa mara amletee punje, akaisugua kati ya kidole gumba na cha pili mpaka ganda likateleza. "Bado." Baadaye: "Bado." Baadaye: "Haya, epua." Mzee alikuwa mtu mwenye furaha kwa kukemewa.

Asubuhi ya Jumapili alirudi mashineni, safari hii akasimama nyuma ya watu wote. Delfina alijifanya kutazama ndege.

"Mama Nereida hajambo?" hatimaye akauliza.

"Hajambo. Amesema meno aliyobakiza anakutunzia wewe."

Mashine nzima ikalipuka kwa kicheko. Delfina alicheka mpaka vishimo vikazama, halafu akapunguza sauti. "Kweli amecheka, mzee?"

"Karibu aanguke kitini."

"Basi," akasema Delfina, akashika ndoo yake vizuri. "Basi vizuri."

Nyumbani, unga ulikuwa laini, wa bluu ya mawingu ya mvua. Mzee alifinyanga donge, akaliweka kati ya nailoni, akashusha mkono wa kibanio kwa nguvu zote za mpiga tuba. Kilichotoka ungeweza kuona mlima Malinche kupitia humo. Kilichanika kabla hakijafika kwenye tawa.

"Hubani mwizi!" Eduviges akafoka. "Bana kama unafunga mlango wa chumba alicholala mtoto."

Akajaribu tena. Nene upande mmoja.

"Igeuze kidogo, ubane tena. Hivyo sivyo. Hivyo pia sivyo. Jamani, mzee, sogeza hapa."

Alisogeza. Aliweka kibanio kwenye kigoda, upande wa kushoto wa kiti, akarudi nyuma hatua moja, maana aliona ule mkono wa kushoto umeshanyooka wenyewe. Eduviges aliushika mkono wa chuma. Akaushusha polepole, akasita, akaongeza uzito kidogo kwa bega. Akafungua. Akazungusha nailoni, akabana tena.

Tortila ilikuwa duara kama mwezi wa kalenda.

Eduviges aliitazama muda mrefu. Aligusa ukingo kwa kidole. "Haina alama za vidole," akasema. Kisha akakohoa. "Lakini nyembamba sawasawa. Chukua, unangoja nini, padri?"

Mzee aliibandua nailoni, akailaza kwenye tawa. Akageuza. Akasubiri kama alivyoelekezwa, akageuza tena, akaigonga katikati kwa ncha za vidole. Tortila ikavuta pumzi, ikavimba, ikajaa kama shavu la mpiga tarumbeta.

Atocpan, msichana tortila yake ikivimba huambiwa ameiva kuolewa.

"Nimeiva!" mzee akapiga kelele. "Nichumbieni!"

"Nani akuchumbie na kitambi hicho? Donge jingine, haraka, tawa linaungua."

Nereida aliingia akawakuta hivyo. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Baba yake, unga mpaka kwenye sharubu, anafinyanga na kugeuza. Mama yake, nywele zimemwagika usoni, anabana na kutukana.

"Mama, begi lako liko wapi?"

"Kaa ule kwanza."

"Mama."

"Kaa, Nereida."

Akakaa. Kulikuwa na maharagwe na pilipili ya kutwanga. Hakuonja hata kidogo, alikuwa anamtazama mama yake. Eduviges alikunja tortila moja juu ya maharagwe, akaimaliza. Akakunja ya pili. Alipochukua ya tatu, Nereida alilamba mdomo wa chini na kutazama pembeni.

"Tortila peke yake si kitu, baba," akasema, lakini polepole. "Mazoezi ya mguu je? Daktari yuko Puebla. Na kuoga?"

"Kuoga namwogesha. Ananitukana kuanzia kichwani mpaka miguuni, ndiyo najua nimefika wapi." Kisha mzee akaacha mzaha, akafuta mikono. "Ya daktari ni kweli. Peke yangu siyawezi. Lakini kila siku ya daktari nitampandisha basi asubuhi nimlete, wewe utupokee, jioni turudi. Hilo naliweza, mwanangu. Na hili la hapa, unaona mwenyewe, hatuliwezi mmoja mmoja."

Nereida alimgeukia mama yake. "Na wewe unataka nini? Mara ya mwisho ulisema utakuja."

"Mara ya mwisho nilikuwa na njaa," Eduviges akasema.

Nereida alizungusha funguo kidoleni. Alitoka nje, wakasikia mlango wa gari unafunguliwa, na mzee Hermilo akashika donge bila kulifinyanga. Nereida akarudi na mto mnene alioutandika kwenye kiti cha mbele kwa ajili ya safari. Akauinua mgongo wa mama yake taratibu, akausukuma mto nyuma ya kiuno, akaupigapiga ukae.

"Unainama sana," akasema. "Utaumia mgongo, kisha mtaniambia nini?"

Eduviges alijaribu kuegemea, akajitikisa kulia na kushoto, akaona panafaa. Akanyoosha mkono wa kushoto juu ya chuma.

"Mzee, leta donge," akasema. "Mtoto hajala."